Muzee Aliyengoja Jiwe Linywe

Katika miaka yote niliyofanya kazi naye sikumsikia hata siku moja akisema kwamba barabara mpya ni nzuri. Watu wa mtaa walitoka kuitazama lami ikiwa bado nyeusi na yenye kung'aa, watoto wakaikanyaga bila viatu ili wasikie joto lake, na kila mtu akasifu. Yeye alisimama pembeni, juu ya mawe, mikono nyuma. Akiulizwa anaionaje, alijibu kwamba bado haijanyeshewa. Ikishanyeshewa msimu mzima, alisema malori hayajapita ya kutosha. Malori yakishapita, alisema tungoje jua. Kibarua mmoja alimtania kwamba hata siku ya ufufuo yeye atabaki kando ya kaburi akichungulia kama udongo umeshikana. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamrudisha kibarua huyo kwenda kupima mchanga upya.

Tulimwita Muzee wa labo, na injenieri wa shantie, yaani mahali pa ujenzi, naye alimwita hivyo hivyo. Labo yenyewe ilikuwa nyumba ya mbao huko Murara, imejengwa juu ya lava iliyoganda, hivi kwamba sakafu haikuwa sawa na kila meza ilibidi iwekewe vibao chini ya miguu. Humo ndani tulitengeneza barabara kabla ya barabara. Tulipasha moto mawe na mchanga, tukavichanganya na lami, tukavitia kwenye kopo la chuma na kuvigonga kwa nyundo nzito, mara sabini na tano upande mmoja, mara sabini na tano upande wa pili, mpaka kikatoka kipande cheusi cha mviringo, kizito, chenye umbo la mkate mdogo. Tuliviita mikate. Mikate hiyo tuliitesa. Mingine ililala siku saba ndani ya maji, mingine ilitiwa kwenye beseni la maji moto, kisha yote ikavunjwa na mashine ya kukandamiza naye akaandika namba. Kwa namba hizo alisema kama barabara itabeba malori au itapasuka, kabla hata mita moja haijamwagwa.

Ndiyo sababu madereva walimwita Nabii wa lami. Hakulipenda jina hilo. Alisema Goma ina manabii wengi, lakini hajaona hata mmoja aliyekubali kulazwa siku saba ndani ya maji ndipo aulizwe habari za kesho.

Mimi nilifika kwake kuosha machekeche. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, baba vitani na mama kwa ugonjwa mwaka uliofuata, nami niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari ili wadogo zangu watatu wasiache yao. Kwetu mtoto wa kwanza huitwa yaya. Wadogo zangu walipokuja siku moja kuchukua ufunguo wa nyumba, wakaniita hivyo mbele yake, na tangu hapo yeye, mwenye mvi kichwa kizima, akaniita Yaya. Nilidhani ananicheka. Baadaye nikatambua kwamba alilitumia jina hilo anapotaka kunikabidhi jambo. Akitaka kunigombeza aliniita mama. "Mama, hili chekeche umeliosha ao umelibariki?"

Alikuwa mtu mwenye wasiwasi, na hakuuficha. Asubuhi aligusa mlango wa tanuri la umeme kwa kiganja jinsi mzazi anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Umeme ukikatika, na ulikatika karibu kila siku, alikimbilia jiko la makaa, akaliweka chini ya beseni la maji moto na kukaa hapo na kipimajoto, akiongeza kaa moja, akiondoa kaa moja, ili maji yasishuke wala yasipande. Katika mji wetu kila nyumba ilikuwa na mfuko ulio tayari karibu na mlango kwa siku ya kukimbia vita: nguo, karatasi za shule, sufuria ndogo. Yeye pia alikuwa na mfuko wake pale labo. Siku watu walipokimbilia mpakani na sisi tukakimbia, nilimwona ameubeba kifuani. Ndani mlikuwa na madaftari ya majaribio na kipimajoto kilichofungwa katika soksi. Nguo ya kubadilisha hakuwa nayo. Kwa siku nne alivaa shati moja, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Lakini mtu huyu, asiyekubali hata gramu moja ya uongo mezani, alidanganya askari bila kupepesa macho. Wakati mmoja mashine yetu iliharibika, ikabidi tupeleke mikate kumi na miwili kwenda kuvunjwa kwa watu wengine waliokuwa na mashine upande wa uwanja wa ndege. Tuliipakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Penye kizuizi askari walifungua gunia, wakaona vitu vyeusi, vya mviringo, vizito, vimepangwa vizuri. Mmoja wao alirudi nyuma na kukoki bunduki. Msukuma chukudu alikuwa ameshanyanyua mikono, nami nikanyanyua yangu. Muzee alitoa mkate mmoja polepole, akauweka chini, akaukalia, akapandisha mguu juu ya mguu na kuomba kiberiti, ingawa hakuwahi kuvuta sigara. Akaeleza kwamba hayo ni mawe ya mizani ya kinu cha mahindi. Wakatuachia. Tulipofika mbali nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli. Alinijibu kwamba angewaambia amebeba barabara ndani ya gunia, wangemfunga.

Na alikuwa na sheria moja kuhusu tanuri: chakula kisiingie. Aliwahi kumfukuza kibarua kwa ajili ya kiazi kimoja kitamu, na hakumrudisha ingawa mke wa kibarua huyo alikuja kuomba. Kisha vita vikasogea upande wa Rutshuru, watu wa Kiwanja wakashuka na magodoro vichwani, na familia sita zikaingia katika banda letu la kuwekea mchanga. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Watoto walikuwa wakitetemeka. Muzee alizunguka zunguka, akashika kiuno, akatoka, akarudi, kisha akajaza tanuri mawe ya majaribio, akayapasha, akayafunga ndani ya mifuko ya sampuli na kuwapa akina mama wawawekee watoto miguuni. Kesho yake nilifungua daftari nikakuta ameandika uzito wa mawe yaliyotoka na joto lake. Katika nafasi ya matokeo aliandika neno moja: wamelala.

Sasa niseme kuhusu kiu ya jiwe, kwa sababu hapo ndipo pana jambo langu.

Jiwe letu ni lava. Limejaa matundu madogo madogo, na Muzee alimfundisha kila mgeni kwa mkate wa kweli na kikombe cha chai. Alichovya kipande, akakitoa, kikawa kinadondosha chai. Alingoja kidogo, kikawa hakidondoshi tena.

"Umeona? Chai haijapotea, imeingia tumboni," alisema. "Ukichanganya lami na jiwe letu, unaona jiwe limevaa vizuri, unafurahi. Lakini liko linakunywa. Kesho lami yote iko ndani, inje hakuna kitu cha kushikanisha jiwe na jiwe."

Kwa hiyo kila mchanganyiko ulipaswa kukaa ndani ya tanuri masaa mawili kabla ya kugongwa. Kwa masaa hayo jiwe lilikunywa kiasi lilichotaka, ndipo tukajua kama lami iliyobaki nje inatosha. Muda huo hakuna aliyewahi kumpunguzia. Mainjenieri walipiga simu, walikuja na gari, walipiga honi. Yeye alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye tanuri, na kutoka kwenye tanuri hadi mlangoni, na hakula chochote mpaka saa zitimie. Nilipomuuliza kama dakika tisini hazitoshi, alisema mgonjwa hatolewi sindano ya maji kabla hayajaisha kwa sababu daktari ana njaa.

Siku moja tulikuwa na mchanganyiko wa barabara ya magharibi, kipande kinachopita kando ya kambi, ambako malori ya maji na ya unga yalipita kuwahudumia wakimbizi. Mawe yalikuwa ya gunia la mwisho, maana njia ya machimboni ilikuwa imefungwa na vita. Majibu yalitakiwa upesi. Injenieri akamwita Muzee aende shantie, naye Muzee kwa mara ya kwanza akaniachia labo. Alitia mchanganyiko kwenye tanuri saa nane kamili mchana, akanionyesha saa ya ukutani, akasema, "Yaya, nakuachia jiwe. Saa kumi, ndipo utoe."

Haikupita nusu saa mizinga ikaanza kulia upande wa Sake. Katika mji wetu sikio lina shule yake. Mlio unaotikisa hewa tu, unaendelea na kazi. Mlio unaotikisa mabati, unafunga mfuko. Mabati ya labo yalitikisika. Barabarani watu walianza kupita wakikimbia, na mwanamke mmoja alikuwa amebeba mtoto na cherehani. Wadogo zangu walikuwa nyumbani, mtaa wa Mapendo, peke yao, na wa mwisho hakuwa ametimiza miaka saba. Nilijua familia ambazo watoto walichukuliwa na mkondo wa watu siku kama ile, wakapatikana baada ya miezi, na wengine hawakupatikana.

Ningeweza kuondoka na kuacha tanuri likiwaka. Lakini lingewaka mpaka nani alizime? Mchanganyiko ungeungua, na mawe mengine hayakuwepo. Nikajiambia ni afadhali mikate iwepo kuliko isiwepo. Saa nane na dakika arobaini nilitoa mchanganyiko, nikaugonga. Sabini na tano, sabini na tano, mkate wa kwanza mpaka wa sita. Mapigo sikuyapunguza hata moja. Kisha nikachukua daftari, na penye saa ya kutoa nikaandika saa kumi. Nikafunga mlango, nikakimbia.

Mji haukuanguka siku hiyo. Mizinga ilirudi nyuma ya vilima, na kesho yake nilikuwa kazini nikiosha machekeche kama kawaida.

Mikate ilipovunjwa ilitoa namba nzuri mno. Muzee aliziangalia muda mrefu. Alisema jiwe la safari hii halina kiu sana, kisha akanigeukia.

"Yaya, ulingoja?"

"Nilingoja, Papa."

Akatia sahihi.

Tangu siku hiyo niliishi na barabara ile tumboni. Kila Jumapili baada ya misa nilitembea mpaka kambini, nikijifanya nimekwenda kununua makaa, nikaangalia chini. Mvua ya kwanza ilipita, nikaanza kupumua. Mvua za pili zilipokaribia niliona punje za mawe zimelegea ukingoni. Wiki iliyofuata watoto wa kambi walikuwa wanaziokota kuchezea. Baadaye yakawa mashimo, na lori la maji likaegemea ndani ya shimo mojawapo, likamwaga maji yote mbele ya akina mama waliokuwa wamepanga foleni na madumu tangu asubuhi. Nilisimama pale na mfuko wangu wa makaa. Mama mmoja alikuwa anajaribu kuchota maji yaliyotuama kwa kifuniko.

Muzee alikuja, akapiga magoti barabarani, akang'oa kipande, akakipasua kwa nyundo. Ndani jiwe lilikuwa jeusi mpaka katikati. Nje lilikuwa kavu. Injenieri alikuwa anapiga kelele kwamba mtu ameiba lami. Muzee aliinuka taratibu, magoti yakiwa na vumbi, akasema mbele ya vibarua wote kwamba hakuna aliyeiba. Kosa ni lake. Alidhani masaa mawili yanatosha, kumbe hakulijua jiwe.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nimeshika brashi yake. Nilikuwa na midomo minne ya kulisha ukiuhesabu na wangu, na kazi ile ndiyo pekee. Nilinyamaza.

Kilichofuata ndicho ambacho sikukitarajia. Nilidhani aibu itapita kama mvua. Lakini Muzee hakusahau alichofikiri kwamba jiwe limemfundisha. Aliongeza muda wa kungoja ukawa masaa manne, kisha akaongeza lami katika kila mchanganyiko, kila safari zaidi kidogo, kwa hofu. Barabara zilizofuata zikawa laini. Jua la kiangazi likazitoa jasho, magurudumu ya malori yakachimba mifereji, na vibarua wakasema Nabii sasa anapika mafuta. Mpaka mwisho wakubwa wa kazi wakamwambia apumzike. Katika miezi yake ya mwisho pale labo mtu akimuuliza kama barabara fulani itavumilia, alisema, "Sijui tena kusoma jiwe," na akatoka nje. Aliwahi kunisifia mbele ya wageni kwamba mikono yangu ni ya kweli. Chakula cha mchana siku hiyo sikukimaliza.

Miaka ikapita. Wadogo zangu wawili walipata maisha yao, wa mwisho yuko sekondari. Mimi ndiye ninayetia sahihi labo sasa, kwa mkono uleule. Vita vimekuja, vikaenda, vikarudi. Mwezi uliopita injenieri mpya alinipa kazi ya kutengeneza upya barabara ya kambi, kwa jiwe lilelile, akaniamuru nifuate daftari la mwisho la Muzee: masaa manne na lami nyingi. Alisema hiyo ndiyo hekima ya mtu aliyejifunza kwa kosa lake. Ningeweza kubadilisha vipimo kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Usiku tatu sikulala vizuri. Siku ya nne nilitia daftari la mwaka ule kwenye mfuko, nikaenda kwa binti yake, ambako Muzee anaishi.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha mbao, anachambua maharagwe kwa vidole. Macho yake yameingia ukungu. Alisikia hatua zangu, akauliza ni nani.

"Ni Yaya, Papa."

"Yaya gani? Goma imejaa mayaya."

"Wa machekeche."

Akatabasamu, akaniuliza kama tanuri bado linavuja joto upande wa kushoto. Nilisema bado. Kisha nikasema haraka, kabla moyo haujarudi nyuma, kwamba ule mchanganyiko wa barabara ya kambi sikuungojea.

Vidole vilisimama ndani ya maharagwe. Hakuniuliza kwa nini.

"Minite ngapi?"

"Arobaini, Papa."

Aliniuliza joto la tanuri, nikamwambia. Aliniuliza uzito wa lami, nikausoma kutoka daftarini. Midomo yake ilikuwa inatembea, anahesabu. Binti yake alileta chai, akatuangalia, akairudisha ndani.

"Basi masaa mawili yalitosha," alisema. Akarudia tena, polepole. Uso wake ulilegea, nikadhani atacheka. Hakucheka.

"Nilikuuliza ulingoja," alisema. "Ulisema ndiyo. Barabara ilipovunjika nikaanza kuogopa jiwe. Barabara tatu, Yaya, nimeziharibu juu ya kuogopa. Hapa nimekaa miaka, kila siku najiuliza ni nini sikuona."

Nilimwomba msamaha. Alinyoosha mkono na kuomba lile daftari, nikaliweka magotini pake. Alilipapasa, akanirudishia.

"Fungua. Piga mustari moja juu ya ile saa, lakini uongo usomeke chini yake. Pembeni andika saa ya kweli, na jina yako."

Nilimwambia kwamba injenieri atalisoma, na huenda nisibaki labo hata wiki moja, na mdogo wangu wa mwisho hajamaliza shule. Alisema anajua. Alikaa akingoja. Nilipiga mstari. Niliandika saa nane na dakika arobaini, na jina langu. Akaniamuru nisome kwa sauti, nikasoma.

"Ni nini ilikutoa?" aliuliza.

"Mizinga, Papa. Watoto walikuwa peke yao nyumbani."

Nje ya ua pikipiki ilipita, kisha nyingine.

"Uliwakuta?"

"Niliwakuta. Walikuwa chini ya kitanda, wote watatu, wameshikana."

"Hiyo hukuandika."

"Hapana, Papa."

"Andika. Ni sehemu ya jaribio."

Nikaandika katika nafasi ya maelezo kwamba mchanganyiko ulitolewa kabla ya wakati kwa sababu ya mizinga, na kwamba watoto walikutwa nyumbani, wazima, watatu. Akataka nisome tena. Nilisoma. Alitikisa kichwa kwa kukataa, kama alivyozoea kukataa daftari lililojazwa nusu.

"Saa ngapi uliwakuta?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Saa tisa na dakika arobaini."

"Andika na saa," alisema.